Tingatinga la Evaristo

Kulikuwa na mashine tatu za kuchagua, na mashine hizo zilikuwa zimeshaharibu vifungua kinywa vingi nyumbani kwa Evaristo Zamarripa. Ya kwanza ilikuwa loda ndogo ya matairi, ya kuzolea udongo, na hiyo mume na mke waliidharau kwa pamoja. Ya pili ni ekskaveta, ile yenye mkono mrefu na kijiko mwishoni. Hortencia, mkewe, aliitaka hiyo, tena ya kukodi pamoja na dereva wake. Ya tatu ilikuwa tingatinga, na hilo Evaristo alilitaka la kununua, liwe lake, lilale uani kwake.

"Tuna lambo moja tu, mzee," Hortencia alisema, akigeuza chapati kikaangoni. "Mtu mwenye jino moja bovu huenda kwa daktari. Hamnunui daktari."

"Leo lambo. Kesho vichaka. Keshokutwa barabara ya getini."

"Keshokutwa utakuwa na miaka sabini."

"Ndiyo maana nina haraka."

Lambo lenyewe lilichimbwa na baba yake Evaristo kwa nyumbu, na kwa miaka mingi lilinywesha ng'ombe wa Zamarripa na bata wa mwituni na watoto wote wa jirani waliojifunza kuogelea humo, nami nikiwemo. Kisha tope likapanda kidogo kidogo, ukame ukaingia, na kiangazi hicho, cha tatu cha ukame, ungeweza kuvuka katikati yake kwa viatu vya kanisani. Maji ya ng'ombe yaliletwa kwa lori. Chakula chao kilikuwa mpungate, ule mmea mnene wa miiba: kila asubuhi Hortencia alibeba mtungi wa gesi, akawasha bomba la moto, akaunguza miiba ya mpungate shambani, na ng'ombe wakaja mbio waliposikia tu ule mngurumo. Mvua za kwetu huja Septemba. Lambo lisiposafishwa kabla ya hapo, maji yatapita juu ya tope yaende zake, na Noelia, binti yao, alikuwa ameshawaandalia chumba kwake mjini San Antonio. Chumba kizuri, ghorofa ya tatu, dirisha linaangalia maegesho ya magari.

Evaristo hakutaka dirisha hilo. Lakini nisimsingizie, hakuwa anawaza lambo peke yake. Ujana wake wote aliendesha tingatinga la tajiri mmoja, akafyeka vichaka vya watu kutoka hapa hadi mtoni, akachimba malambo ya watu, akasawazisha barabara za watu, na jioni akarudi nyumbani kwa gari bovu kupitia geti lake mwenyewe lililozingirwa na miiba. Alistaafu bila kusukuma hata kijiti kimoja katika ardhi yake. Hilo lilimuuma. Lilimuuma kama mtu aliyepika harusi za wenzake mpaka akazeeka bila kuoa.

*

Uwanja wa kuuzia mashine ulikuwa kando ya barabara kuu, umejaa vumbi na bendera ndogondogo. Muuzaji alikuwa kijana Mzungu, mwekundu kwa jua, aitwaye Brent. Aliwaona wakishuka kwenye gari, akatabasamu, akamwambia Evaristo, "Karibu, mzee. Bosi wako amekutuma uchukue nini leo?"

Evaristo alivua kofia, akaivaa tena. "Bosi wangu ni huyu," akasema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

Brent akacheka kwa adabu, akawapeleka moja kwa moja kwenye loda ndogo. Alisema watu wengi wa umri wao huipenda, ni rahisi kupanda. Hortencia alimwuliza kama ana mashine kwa ajili ya watu wa umri wake yeye kijana. Wakapita kwenye ekskaveta, na hapo Hortencia akasimama, akauliza bei ya kukodi kwa wiki, akauliza dereva anakula kwake au kwao, akauliza mkono unafika wapi. Kila swali lake kijana alilijibu akimtazama Evaristo. Lakini Evaristo hakuwepo. Alikuwa ameshafika mwisho wa uwanja, penye tingatinga kuukuu lililopauka rangi, minyororo yake ina kutu, kiti kimepasuka sifongo ikatoka.

"Hilo ni la zamani, mama," Brent alisema. "Lakini injini ni nzima. Mwambie asipande, ngazi yake ni mbo—"

Evaristo alikuwa ameshapanda. Aliketi, akaweka mikono juu ya vyuma bila kuvitazama, kila mkono ukajua pa kwenda. Hakuliwasha. Alitazama tu mbele, juu ya bendera na paa la ofisi, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo Hortencia hakuwa ameiona kwa muda mrefu sana. Akasahau bei ya ekskaveta. Alikuwa amekuja na hoja zake zote zimepangwa, na zote zikamponyoka pale pale, kwa sababu alimpenda yule mwanamume na hakuwahi kuwa na kitu cha kumpa.

"Unasemaje, Tencha?" Evaristo alimwuliza mkewe kutoka juu.

"Nasema siku ya harusi yetu hukunitazama hivyo."

"Siku ya harusi nilikuwa na njaa."

"Teremka tukazungumze bei, kabla huyu mtoto hajaiona sura yako akaipandisha."

*

Fedha hawakuwa nazo. Walikuwa na ng'ombe. Evaristo alipiga hesabu, akaona ng'ombe wote wanatosha, na mawazo yake yalikuwa mepesi kabisa: uza ng'ombe sasa wakati hawana maji, nunua tingatinga, safisha lambo, mvua inyeshe, nunua ng'ombe wengine. Karatasini kila kitu kilikaa vizuri.

Librado Cantú, jirani wa ng'ambo ya seng'enge, ndiye aliyewachukua. Yeye alikuwa na kisima kirefu na wana wawili wenye nguvu. Tena ndiye aliyemsimamia Noelia ubatizo, kwa hiyo yeye na Evaristo waliitana wazazi wenza, na kwa haki hiyo walitukanana bila kukasirikiana.

"Mzazi mwenzangu," Librado alisema, akiegemea zizi, "nimeona wajinga wengi, ila hii ni mpya. Unauza maziwa ununue ndoo."

"Ndoo hukaa, mzazi mwenzangu. Maziwa huchacha."

"Haya. Nitakuja kukuona ukinywa ndoo."

Alilipa bei ya haki, hakupunja hata senti. Ng'ombe walipakiwa kabla jua halijawa kali. Aliyekataa kupanda lori alikuwa Golondrina, jike mweusi mwenye pembe moja iliyovunjika, ambaye ndiye huwaongoza wenzake. Ilibidi Hortencia awashe bomba la moto mbele ya lori, bila mpungate wowote, ndipo Golondrina akaufuata mngurumo akapanda. Hortencia aliona haya kumdanganya mnyama kwa namna ile. Alizima moto, akaingia ndani, akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Asubuhi iliyofuata aliamka wakati ule ule, akabeba mtungi mpaka mlangoni, akakumbuka. Nyumba ya mfugaji isiyo na ng'ombe ina kimya chake. Hata nzi walikuwa wamehama. Wiki nzima aliendelea kutazama jiwe la chumvi lile wanalolamba, lilivyobaki na alama za ndimi zao, na hakutaka mtu aliondoe.

*

Evaristo, kwa upande wake, alikuwa na furaha iliyomtia aibu. Aliliwasha tingatinga jua likichomoza, na sisi majirani tulilisikia likikohoa, kisha likanguruma, kisha likaanza kazi. Alikwangua tope jembamba jembamba kama mtu anayemenya embe asipoteze nyama. Alilisukuma nje likawa kilima, akateremka tena, akakwangua tena, mpaka akafika chini penye udongo mtupu wa manjano, safi kabisa. Kingo alizichonga zikawa laini. Hapakuwa na lambo zuri kama lile katika wilaya yote, na hilo nalisema hata leo.

Hortencia alimletea maharage na chapati mchana, wakala wamekaa kwenye kivuli cha mashine.

"Baba yako," alisema, "kila akisafisha lambo alikuwa akiwafungia ng'ombe humo ndani. Anawamwagia nyasi kavu chini, anawawekea chumvi, wanashinda humo mwezi mzima. Mama yako alinisimulia. Alisema harufu ilifika jikoni."

"Baba hakuwa na mashine. Ilibidi akanyagishe udongo kwa ng'ombe." Evaristo alipiga mnyororo kwa kiganja. "Hili lina tani ishirini, Tencha. Ng'ombe gani ana tani ishirini?"

Hortencia alikusanya sahani. Evaristo alipanda, akazunguka na tingatinga chini ya lambo siku mbili, mbele na nyuma, mpaka udongo ukang'aa kama sakafu. Ukiutazama ungeapa hautapitisha hata chozi.

*

Mvua ilikuja Septemba kama kawaida yake, usiku na mchana, na lambo likajaa. Evaristo na Hortencia walitoka wakasimama ukingoni, wamelowa, wamesahau kofia, Hortencia akicheka kwa sauti ya msichana. Bata walirudi. Vyura walirudi, sijui huwa wanakaa wapi. Evaristo alimpigia simu Noelia akamwambia chumba kile akipangishe.

Kisha maji yakaanza kushuka.

Mwanzoni alisema ni jua. Akachomeka kijiti ukingoni, na kesho yake kijiti kilikuwa kimesimama pakavu. Akachomeka kingine. Wiki ya pili bata waliondoka, na yalipobaki matope katikati, Evaristo alishuka kwa miguu, akapiga magoti, akaingiza mkono. Udongo ulikuwa na nyufa nyembamba kila mahali, na chini yake kulikuwa na changarawe. Maji yalikuwa yakinyonywa taratibu na ardhi tangu siku ya kwanza, wakati wao wanacheka.

Alikaa palepale kwenye matope. Hortencia alimkuta hapo, akaketi kando yake na gauni lake.

"Sema," Evaristo alisema. "Sema ulikuwa umeniambia."

"Sisemi."

"Ningependa useme."

"Najua ungependa. Ndiyo maana sisemi."

Alipeleka habari kwa Brent kwamba anataka kulirudisha tingatinga. Brent alitaja bei, na bei hiyo Evaristo hakuirudia nyumbani, ila alikaa garini muda mrefu kabla ya kushuka.

*

Librado aliwapokea jikoni kwake, akawamiminia kahawa, akasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka mara moja. Alikuwa akijizuia, na juhudi hiyo ilionekana shingoni.

"Tani ishirini," alisema hatimaye.

"Ishirini," Evaristo alikubali.

"Mzazi mwenzangu, umeendesha mdudu huyo maisha yako yote, hujui kwa nini amevishwa minyororo mipana? Ili asizame! Uzito wake umetandazwa kama godoro. Unakumbuka harusi ya Noelia, mama huyu alipokukanyaga ukicheza?"

"Kwa kisigino," Evaristo alisema. "Ukucha ulitoka."

"Kisigino chembamba. Na mama huyu ana kilo ngapi?"

"Librado," Hortencia alisema, "fikiria vizuri kabla hujajibu mwenyewe."

Hapo wote watatu wakacheka, na kicheko kilipokwisha jikoni pakawa pazito zaidi. Evaristo alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alijikaza, akasema lililomleta.

"Ninahitaji kwato. Niazime ng'ombe mwezi mmoja. Wale wale."

Kuomba kuazimwa ng'ombe aliowauza mwenyewe! Tulipozisikia habari hizo baadaye hakuna aliyecheka. Kila mtu alijiona yeye kwenye kiti kile.

"Kuwauza siwezi," Librado alisema polepole. "Nisije nikakudanganya. Wana chapa yangu sasa, na benki inawajua, ndio dhamana ya mkopo wangu. Wanangu wangenifukuza. Ila kuwaazima, haya. Nami nina vichaka kule kusini, toka kisimani mpaka seng'enge yako. Una mashine."

Evaristo alielewa. Alitazama dirishani, kusini, kwenye miiba ya mtu mwingine, mingi kama ile ya ujana wake.

"Nina mashine," alisema.

*

Ng'ombe walipofika, Hortencia alikuwa amesimama lamboni na bomba la moto, na safari hii mpungate ulikuwepo, rundo zima. Hakuwahi kumaliza kuwasha. Golondrina alisikia gesi ikilipuka, akaruka kutoka kwenye lori, akaja mbio na pembe yake moja, na wengine nyuma yake. Ubavuni walikuwa na chapa ya Librado, bado ina gamba. Hortencia aliigusa ile ya Golondrina kwa vidole viwili, akamwambia, "Samahani, mama." Kisha akaona Evaristo anamtazama, akajifanya anachunguza kupe.

Mwezi ule walikuwa matajiri. Walileta maji kidogo kwa lori kulainisha udongo, wakatawanya nyasi chini, wakaweka lile jiwe la chumvi katikati, na ng'ombe wakashinda humo wakikanyaga, wakisukumana, wakinya, wakikanyaga tena. Harufu ilifika jikoni. Hortencia alifungua madirisha yote. Jioni aliwaita kwa majina yao, nao walikuja, kwa kuwa hakuna aliyewaambia habari za benki.

"Usiwazoee," Evaristo alimwambia.

"Niliwazoea kabla yako."

Mwezi ukaisha. Wana wa Librado wakaja, wakawapeleka upande wa pili wa seng'enge. Hortencia ndiye aliyefunga geti, kwa sababu alisema Evaristo huwa halifungi vizuri. Alibaki ameshika mnyororo wa geti mpaka vumbi likatua.

*

Baridi ya kaskazini ilileta mvua mwishoni mwa Novemba, mvua ya pole, ya kutosha. Lambo likajaa nusu. Evaristo alichomeka kijiti, hakumwambia mtu. Baada ya wiki mbili kijiti kilikuwa bado kimesimama majini.

Lakini yeye alikitazama kwa mbali tu. Tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa ng'ambo, juu ya tingatinga, akifyeka kusini kwa Librado. Aliking'oa kichaka hiki, akakisukuma kwenye rundo, akarudi kwa kingine. Mikono ilijua kazi. Kuna siku alisahau kabisa kwamba mashine ni yake, akajikuta anangoja mtu aje amwambie muda umekwisha. Kutoka kitini aliona maji yake yakimetameta upande wa pili, bila mdomo hata mmoja wa kuyanywa, na moyo wake ulitamani kile alichokuwa nacho Julai, wakati alipokuwa hana maji.

Alasiri moja Librado alikuja na kahawa kwenye chupa. Evaristo akazima injini. Katika kimya kile wakasikia mngurumo mwingine, mdogo, kutoka ng'ambo. Hortencia alikuwa shambani kwake amewasha bomba la moto, anaunguza mpungate ambao hakuna wa kuula. Hakuwa akimwita yeyote. Alisema baadaye kwamba mikono tu ilimwasha.

Ng'ombe waliokuwa wametawanyika nyuma ya Librado waliinua vichwa. Golondrina ndiye wa kwanza. Aliwapita wanaume wale wawili kama miti, wengine wakamfuata, mpaka wote wakajipanga kwenye seng'enge, videvu juu ya waya, wakilia. Hortencia aliwaona. Moto ukamfia mkononi. Alisimama kidogo, kisha akaanza kuwabebea ule mpungate mikononi, mmoja mmoja, akiwarushia juu ya waya.

"Wataning'olea seng'enge," Librado alisema. "Mwambie aache."

"Mwambie wewe."

Librado alimwaga kahawa iliyopoa, akamimina nyingine, hakuinywa. Alimtazama yule mwanamke akienda na kurudi. Alikohoa.

"Yule wa mbele," alisema, "mweusi, mwenye pembe mbovu. Amezeeka. Hazai tena. Benki haiwezi kunisumbua kwa ng'ombe asiyezaa. Nilikuwa nimpeleke mnadani Ijumaa, niwaondolee wanangu mzigo. Labda kama wewe una mahali pa kumweka."

Evaristo alimtazama Golondrina. Tumbo lake lilikuwa limening'inia pande zote mbili, zito, limejaa ndama wa Februari, na hata mtoto wa mjini angeliona.

"Hazai?" aliuliza.

"Hazai."

Evaristo alivua kofia, akaivaa tena.

"Kweli," alisema. "Naona kabisa. Hazai."